Maswali ya wasomaji: Kola ya redio shingoni mwa chui milia

Kilo nzima shingoni, usiku na mchana, kwa miaka. Huko si kumtesa mnyama?

Uzito wenyewe wa kola, yaani mkanda wenye kifaa cha redio cha kumfuatilia mnyama, si hoja kubwa. Jike mzima wa chui milia ana kilo 100 hadi 160, kwa hiyo kola ya kilo moja haizidi asilimia moja ya mwili wake. La kuangalia ni nafasi kati ya mkanda na shingo. Mkanda ukilegea, mnyama hunasa taya ya chini au mguu wa mbele anapojikuna. Ukibana, huchubua ngozi. Na masika yakiingia, unyevu hukaa chini yake, kidonda kikaoza, nzi wakataga mayai. Mwaka 2023, katika hifadhi ya Kuno nchini India, duma waliohamishiwa huko kutoka Afrika walikutwa na vidonda vyenye funza chini ya kola, na kola zikavuliwa.

Dume kijana asifungwe kola ya kawaida, maana shingo yake bado inanenepa. Kola nzuri ina kifyatuo kinachoiachia idondoke muda ukifika, lakini vifyatuo navyo hukwama. Mradi usiotenga fedha za kumkamata mnyama mara ya pili na kumvua kola haustahili kibali cha kumkamata mara ya kwanza.

Kuna wanaokufa wakati wa kukamatwa. Kwa nini?

Hapa ndipo penye hatari kuliko kola yenyewe. Sindano ya usingizi hulengwa kwenye msuli mnene wa paja au bega. Ikimpata kifuani au tumboni huweza kumuua. Dawa huchukua dakika kadhaa kushika, na muda huo wote mnyama anakimbia. Ndiyo maana hapigwi karibu na maji wala genge: atazama au ataporomoka akiwa amelegea.

Dawa zinazotumika sana ni ketamini pamoja na zailazini. Mchanganyiko wa tiletamini na zolazepamu, unaotumika sana kwa simba, wataalamu wengi huuepuka kwa chui milia, kwa sababu kuyumba na kutetemeka huweza kumrudia baada ya kuamka.

Akishalala, macho hubaki wazi. Yapakwe marhamu na kufunikwa kitambaa. Joto lipimwe kila dakika tano. Likizidi nyuzi 40, amwagiwe maji tumboni na mapajani. Dawa ya kuzindua huondoa nguvu ya zailazini tu, haigusi ketamini. Daktari mwenye haraka akiidunga mapema, mnyama huamka amekakamaa. Jike mwenye watoto wachanga aachwe, hata kama msimu mzima wa utafiti utapotea.

Kola haiwaonyeshi majangili njia?

Inaweza. Kola ya zamani hutoa mlio wa redio, na yeyote mwenye kipokezi, antena na namba ya masafa atamfikia mnyama. Namba hiyo ni siri kama ufunguo wa ghala. Kola ya GPS hutuma vipimo kwa setilaiti, hivyo mlango wa mwizi ni kompyuta. Mwaka 2013 nchini India mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyopokea taarifa za chui milia mmoja, akazuiwa. Ramani za mienendo zitolewe baada ya miezi mingi, tena bila kuonyesha mahali mnyama anapolala. Kola si ulinzi pia: dume wa kwanza kurudishwa katika hifadhi ya Sariska, India, mwaka 2008, akiwa na kola, aliuawa kwa sumu mwaka 2010. Kola isiyo na askari wa kufuatilia mlio wake kila siku ni mzigo tu kwa mnyama.

Kamera za kutegesha hazitoshi?

Kwa kuhesabu, zinatosha kabisa. Milia ya kila chui milia ni ya kwake peke yake, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, ndiyo sababu kamera hutegwa mbili zikitazamana. Anayetaka idadi tu asipewe kibali cha kola. Kamera zinashindwa mnyama anapotoka nje ya eneo zilikotegwa. Dume kijana mmoja aliyefungwa kola katika hifadhi ya Tipeshwar, India, mwaka 2019 alitembea karibu kilomita 3,000, akipita mashambani na kuvuka barabara kuu, hadi akatulia katika hifadhi nyingine, Dnyanganga. Njia hiyo isingejulikana kwa kamera. Kola yake ilivuliwa Aprili 2020.