Kwa mnaoanza kuchora mimea: kaeni na michoro ya mikaratusi ya Australia

Wadogo zangu mnaoingia kwenye uchoraji wa mimea, na nyie wa vyuo vya misitu mnaoambiwa mchore kitawi halafu mnakimbilia ua kwa sababu ndo zuri, naomba tuongee kidogo. Mchoro wa mmea kazi yake ni mtu mwingine aujue mti ule akikutana nao msituni au akiletewa kitawi kikavu mezani. Na shule nzuri ya hili jambo ni watu waliochora miti ya Australia enzi za ukoloni wa Mwingereza na miaka michache baadae, maana kule walikuta mamia ya aina za mikaratusi, inafanana balaa, na wenye serikali wanataka kujua huu unafaa nguzo za bandari, huu mataruma ya reli, huu kuni tu.

Tuanze na kitu mnachoweza kukishika. Mkaratusi grandis na mkaratusi saligna, yote asili yake mashariki ya Australia, na huku Kenya na Tanzania imepandwa na watu wanaichanganya kila siku, gome laini linalobanduka, majani karibu yaleyale, vitumba saba au zaidi kwenye kikonyo kimoja. Okota tunda lililokauka ulichungulie kwa lenzi, pale mdomoni utaona vimeno vidogo vinavyofunguka kuachia mbegu. Vya grandis vinajikunja kwa ndani, vya saligna vinasimama au vinapinda kwenda nje. Sasa mtu anachora ukurasa mzima wa majani na vivuli vyake safi kabisa alafu tunda analiweka kama kidoti pembeni, huyo bwana misitu atafanya nini na huo mchoro jamani? Tunda likuzwe, lichorwe kwa upande na kwa juu, vimeno vionekane, na pembeni uandike umelikuza mara ngapi.

Aliyeniaminisha hili zaidi ya wote ni mchoraji Margaret Flockton. Alizaliwa Uingereza 1861, kazi ya litografia, yaani kuchora juu ya jiwe ili kuchapisha, akaisomea London, akahamia Sydney, na 1901, makoloni ndo kwanza yameungana kuwa nchi moja, akaajiriwa kwenye bustani ya mimea ya Sydney chini ya mkurugenzi Joseph Maiden. Akakaa hapo mpaka 1927 akichora vitabu viwili vikubwa vya Maiden, kimoja cha miti ya misitu ya New South Wales na kingine cha mikaratusi yote, vilivyokuwa vinatoka kwa vipande vipande. Ukurasa wake mmoja unakuta jani la mti mchanga, jani la mti mkubwa, vitumba, ua, matunda, kila kimoja na namba yake, wakati mwingine tunda la aina ileile kutoka sehemu tofauti ili uone linavyobadilika. Hilo la jani changa msilipuuze, mkaratusi globulus ukiwa mdogo majani yake ni mapana, yanakabiliana mawili mawili bila kikonyo na yana unga mweupe kama wa bluu, ukikua yanakuwa marefu yamepinda kama mundu, mtu asiyejua anaapa ni miti miwili. Maiden alimpa heshima yake, kuna mkaratusi unaitwa Eucalyptus flocktoniae.

Na angalieni mistari yake. Litografia unachora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, jiwe linaloweshwa maji, wino unashika pale penye mafuta tu, na ukishakosea kufuta ni kazi kweli, kwa hiyo huyu mama hana mstari wa kujazia nafasi. Nyie mnaotumia tableti mna kitufe cha kurudi nyuma, sawa, ila jizoezeni kuamua mstari kabla ya kuuweka.

Kwa upande wa rangi, mwalimu ni mchoraji Ferdinand Bauer. Alizunguka Australia na meli ya Investigator ya nahodha Matthew Flinders 1801 mpaka 1803 pamoja na mtaalamu wa mimea Robert Brown, na mmea ukichumwa unanyauka na mkusanyaji hasubiri, basi yeye alichora kwa penseli na kuandika namba ndogo ndogo juu ya kila sehemu, kila namba ni kivuli chake cha rangi, alikuwa na karibu 1,000. Miaka baadae akiwa London anapaka rangi za maji kwa kufuata zile namba. Hamhitaji 1,000, tengenezeni kadi yenu ya kijani, kahawia na nyekundu mnazokutana nazo sana, mzipe namba, mwende nayo porini. Picha ya simu inadanganya rangi, hasa chini ya kivuli cha miti.

Gome nalo. Mtaalamu wa mimea Mwingereza George Bentham aliandika ile flora kubwa ya Australia, yaani kitabu cha mimea ya nchi nzima, juzuu saba, 1863 hadi 1878, bila kukanyaga kule, akitumia sampuli kavu, nyingi kazitumiwa na mtaalamu mwenzake Ferdinand von Mueller wa Melbourne. Mikaratusi akaipanga kwa kuangalia chavulio, kile kifuko cha chavua ndani ya ua, kwa sababu hicho kipo kwenye sampuli. Mueller aliyeishi katikati ya miti alishajaribu kuipanga kwa gome, laini, la nyuzi, gumu lenye mipasuko. Mi naona wote walikuwa na hoja, ila ukiwa wewe ndo uliyesimama chini ya mti basi gome ni jukumu lako, chora kipande chake na uandike linabanduka mpaka urefu gani, maana hebaria, kule zinakotunzwa sampuli kavu za mimea, gome halifiki.

South Australia, koloni lenye miti michache, ndo lilianza bodi ya misitu 1875, na msimamizi wake John Ednie Brown kuanzia 1882 akawa anatoa kitabu cha miti ya koloni lake, michoro mingi ikiwa ya Rosa Fiveash wa Adelaide. Ukitaka kuona rangi na taarifa vikikaa pamoja bila kugombana, mtafute huyo dada.

La mwisho ni la kiutendaji. Kila mchoro uwe na namba ya sampuli uliyoichorea, mahali, tarehe, na nani kaichuma. Andika nyuma ya karatasi kwa penseli siku hiyohiyo, na sampuli yenyewe ipelekwe hebaria ya karibu, ili kesho jina likibishaniwa watu wafungue kabati na kulinganisha.