Chaneli za ioni: uingie uzamivu au uachane nazo?

Mkuu, umeuliza kama ufanye uzamivu kwenye chaneli za ioni, maana umeambiwa kila kitu kimeshagunduliwa na kilichobaki kompyuta itakimaliza. Niko kwenye kazi hii tangu nikiwa mwanafunzi, na nadhani aliyekwambia hivyo kapatia kidogo, kakosea sana.

Kwa wengine wanaopita hapa: chaneli ya ioni ni protini iliyopenya utando wa seli, yenye tundu linalofunguka na kujifunga. Sodiamu, potasiamu na kalsiamu hupitia humo zikiwa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, na ndiyo maana moyo unapiga na neva zinapeleka taarifa. Ganzi ya daktari wa meno huziba chaneli za sodiamu. Sumu ya bunju nayo hivyo hivyo, ila yenyewe inaua.

Miaka ya mwanzo ni kazi ya mikono, usidanganywe. Unashika pipeti ya kioo yenye ncha ya kama mikromita moja, unaigusisha kwenye seli, unavuta hewa taratibu kwa mdomo kupitia mpira mwembamba, mpaka kioo na utando vishikane na ukinzani wa umeme uvuke gigaomu moja (omu bilioni moja). Mbinu hii tunaipata kwa Erwin Neher na Bert Sakmann, waliopima mkondo wa umeme wa chaneli mojamoja mwaka 1976 wakapewa Nobel mwaka 1991. Mkondo wenyewe ni pikoampea chache tu (pikoampea ni sehemu moja ya trilioni ya ampea), kwa hiyo kila kitu kinakuharibia: umeme wa ukutani, mtu anayefunga mlango kwa nguvu, vumbi kwenye mchanganyiko, waya wa fedha uliochakaa. Kuna wiki nzima seli zinakufa tu bila sababu unayoijua. Lakini ikikubali, unaona mstari kwenye skrini unaruka juu na kushuka kwa ngazi, na kila ngazi ni molekuli moja ya protini inafunguka wakati huohuo unapoitazama. Sijachoka kuuangalia mpaka leo.

Hapo ndipo wengi wetu hunasa. Ukishaiweza pipeti, unaanza kutafuta maswali yanayoifaa pipeti, na tasnifu nyingi nilizosoma zina ugonjwa huo. Mtazame Roderick MacKinnon. Alikuwa daktari wa tiba, akaacha hospitali, akapima mikondo ya chaneli za potasiamu kwa miaka. Swali lake lilikuwa gumu: mlango unapitishaje potasiamu kwa mamilioni kila sekunde, huku ukiizuia sodiamu ambayo ni ndogo zaidi? Alipoona mikondo haitamjibu, alianza upya kujifunza kusoma fuwele za protini kwa eksirei, akiwa tayari ana jina. Mwaka 1998 alionyesha umbo la chaneli ya potasiamu ya bakteria. Ioni majini huwa imezungukwa na molekuli za maji. Ndani ya chujio la chaneli, atomi za oksijeni zimepangwa kwa nafasi inayoitosha potasiamu, zikachukua nafasi ya yale maji. Sodiamu ni ndogo mno, haizifikii vizuri, hivyo kuvua maji yake kunaigharimu. Nobel ilikuja mwaka 2003.

Kuhusu kila kitu kugunduliwa: chaneli za Piezo, zinazotuwezesha kuhisi mguso, zilijulikana mwaka 2010 tu. Maabara ya Ardem Patapoutian ilichukua seli zinazotoa umeme zikidungwadungwa kwa pipeti, ikazima jeni 72 zilizoshukiwa, moja baada ya nyingine. Iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa ya mwisho. (Wasimamizi wangapi wangevumilia hadi hapo?)

Kompyuta sasa hukisia umbo la protini vizuri ajabu, na hadubini za elektroni zinapiga picha za chaneli zilizogandishwa. Hapo aliyekushauri ana hoja. Ila picha ya mlango haikwambii unafunguka lini, kwa muda gani, wala dawa itaubadilisha vipi, na hayo bado yanapimwa.

Ajira pia haziko chuoni peke yake. Dawa ikiziba chaneli ya potasiamu ya moyo iitwayo hERG, mapigo yanaweza kuvurugika hata mgonjwa akafa, na terfenadini, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni kwa sababu hiyo. Ndiyo maana kampuni za dawa hupima hERG mapema, nyingi kwa mashine, na zinahitaji mtu anayejua mashine inapodanganya.

Kabla hujasaini popote, omba ukae siku nzima pembeni ya mwanafunzi anayepima, msimamizi asiwepo. Muulize data ya mwaka jana iko wapi na nani anaichambua. Waulize waliomaliza wako wapi sasa. Na anza kujifunza kuandika programu za uchambuzi sasa hivi, kabla hujaishika hiyo pipeti.