Wenye kisukari, tuanze na kikombe

Tangu niambiwe nina kisukari, kila anayenitembelea hapa Wete huja na mti wake: huyu majani ya mlonge, yule karela, lile tunda chungu, mwengine uwatu wa kuroweka. Nawashukuru kwa dhati. Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni kubadilisha ninachokunywa kila siku.

Chai yangu sasa ni ya rangi, ina mdalasini, iliki na mchaichai, sukari hamna. Mwanzo ulimi unakataa, kisha unazoea. Sidai kwamba mdalasini unatibu. Nafuu kubwa ni vile vijiko vya sukari kutokuwemo. Juisi ndiyo inayotuponza wengi, maana ni ya matunda na tunaiona salama. Bilauri moja hula machungwa matatu manne, na ukishakamua na kuchuja, nyuzinyuzi zilizokuwa zikichelewesha sukari kuingia kwenye damu unazitupa. Menya chungwa moja ulitafune. Ya miwa, jamani, iacheni kabisa. Mimi hunywa maji, au ukwaju mwepesi usiotiwa sukari.

Wali wa nazi sijauacha, ila haupiti robo ya sahani. Nusu ni mchicha, bamia au mboga nyengine, na robo iliyobaki samaki, mbaazi au choroko. Muhogo, majimbi na shelisheli ni wanga vilevile, hata kama vimetoka shambani kwako. Kwa hiyo kwenye futari chagua kimoja, usirundike muhogo, ndizi na tambi pamoja. Na kabla ya Ramadhani muulize daktari kama unaweza kufunga.

Sasa hili naliomba sana: usiache vidonge kwa sababu ya majani. Metformini yenyewe, kidonge cha kisukari, ilitokana na utafiti wa mmea wa Ulaya, Galega officinalis, ikaanza kutumika Ufaransa 1957. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo kinachojulikana. Uwatu na karela vinaweza kushusha sukari, na ukivichanganya na insulini au glibenklamaidi, kidonge chengine cha kushusha sukari, inaweza kushuka chini ya 4 kwenye kipimo cha mmol/L. Utatoka jasho, utatetemeka, njaa itakushika ghafla. Hapo koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe mara moja, pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudia. Ukienda kliniki mtajie daktari kila jani unalotumia, hata kama unaona haya.