Sista, mume wangu amegoma kunywa maji

SWALI: Shikamoo Sista. Mume wangu ni dereva wa bodaboda, Morogoro. Taifodi ilimtoboa utumbo mdogo, akapasuliwa, sasa choo kinatokea tumboni upande wa kulia, kwenye mfuko. Hii ni wiki ya tano. Anakunywa kikombe kimoja tu cha maji kwa siku ili mfuko usijae. Ngozi kuzunguka tundu imechubuka, na hiyo nyama nyekundu inanitisha. Inaoza?
Mama Zawadi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haiozi. Huo ni utumbo wenyewe, mwekundu na wenye majimaji kama ndani ya shavu lako. Ukiona umekuwa wa zambarau au mweusi, usingoje kukuche, mpeleke hospitali.

Huo mgomo wa maji ndio unaonitisha mimi. Utumbo mpana ndio unaokamua maji ya mwisho na kubakiza chumvi, na choo chake sasa hakifiki huko. Anywe asinywe, mfuko utajaa. Asipokunywa, figo ndizo zitakazolipa. Chukua chupa tupu ya nusu lita, mpime anachotoa. Chupa moja hadi moja na nusu kwa siku ni kawaida. Zikifika tatu, au akipata kizunguzungu, misuli ikimkaza au mkojo ukawa mchache wa rangi ya chai, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Nyumbani msikose ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga; paketi ya lita moja kwa lita moja kamili ya maji, anywe kidogokidogo. Maji matupu mengi kwa mkupuo nayo hayamfai, yanapita tu na kuondoka na chumvi ya mwili wake.

Ngozi je? Yale majimaji yana vimeng'enya vya kusaga chakula. Yakigusa ngozi, yanaisaga nayo. Nakisia bado mnakata mdomo wa mfuko kwa kipimo cha siku ya kutoka wodini. Tundu la tumboni husinyaa wiki za mwanzo! Pimeni upya, muache milimita 2 au 3 tu pembeni. Osha kwa maji, kausha kabisa. Mafuta usipake, gundi ya mfuko haitashika. (Kuna mama alipaka samli. Tulibadilisha mifuko minne siku moja.) Mwageni kilichomo mfuko ukifika theluthi, usingoje uning'inie.

Makande ayaache kwanza, maganda ya mahindi huweza kuziba. Mfuko ukikaa mkavu saa kadhaa huku tumbo linamsokota na anatapika, asile kitu, mkimbizeni hospitali.

Na pikipiki asiiguse mpaka daktari aliyempasua amruhusu. Mwambie nimesema mimi.