Mwanangu, yule panya alikuwa bado barafu ndani

Tabora, Jumapili usiku

Mama yangu, mwanangu,

Voisi zako tatu nimezisikiliza, ya mwisho nimeirudia mara mbili maana ulikuwa unalia. Nimeelewa hivi: mwenzako mnayeishi nae hapo Leeds kasafiri wiki sita, kakuachia chatu wake na mfuko wa panya kwenye friza, we Jumatano ukatoa panya mmoja ukamtumbukiza maji ya moto dakika kumi, chatu akameza vizuri ukafurahi, Ijumaa asubuhi ukakuta kamtapika mzima mzima, chumba kinanuka hakuingiliki, na sasa unaniuliza Baba, nimemuua nyoka wa watu? hao panya wanayeyushwaje? na usafi nafanyaje maana chini anakaa dada mwenye mtoto wa miezi minane.

Hujamuua. Futa machozi tuongee.

Mama yako hapa pembeni anasema ni usiku nisitaje nyoka, niseme kamba, na mimi nimemheshimu siku zote kwa hilo lakini leo nimemuomba aniruhusu maana kwenye maandishi utachanganyikiwa. Unajua babu yako alikuwa Myeye, wale wa chama cha wacheza nyoka, nyoka kwetu hawakuwa ajabu, ila haya ninayokwambia sikuyapata kwa babu, niliyapata kwa kulisha nyoka miaka tisa kule bustani ya nyoka kabla hujazaliwa, na mengine niliyapata kwa kukosea.

Kwanza uelewe tumbo lake. Sisi ukila ugali wa baridi mwili wenyewe unaupasha. Nyoka hana huo moto, joto lake analiazima nje, kwaiyo kile chakula kinasagika kwa joto la sanduku analokaa. Sasa we umempa panya ambae nje kalainika na katikati ni jiwe la barafu, yule panya akawa kama kipande cha barafu kimewekwa ndani ya mwili wake, usagaji unakwama, panya anaanza kuoza kabla hajasagika, na nyoka akihisi kinaoza hana njia nyingine zaidi ya kukitoa. Harufu uliyoisikia ndo hiyo, panya aliyeoza siku mbili mahali pa joto. Alafu nikusikilize vizuri, kwenye voisi ya pili umesema Alhamisi ulimtoa ukampiga picha ili unitumie. Hilo nalo limechangia. Akishakula asiguswe masaa 48, na kama bado unaona donge tumboni ngoja zaidi.

Dakika kumi haziyeyushi panya, hata samaki mgebuka hayeyuki dakika kumi. Fanya hivi. Usiku wa kuamkia siku ya kumlisha mtoe panya kwenye friza, mtie kwenye mfuko wa zipu, mfuko uingie kwenye kopo lenye mfuniko, kopo liende friji rafu ya chini kabisa ambapo hakuna chakula chenu. Mpaka kesho jioni atakuwa laini. Ukisahau, mloweke akiwa ndani ya mfuko kwenye maji ya baridi ya bomba, badilisha maji kila yakiwa barafu, panya mdogo saa moja na nusu hivi, mkubwa masaa mawili mpaka matatu. Usimwache mezani kutwa nzima. Na maikrowevu usithubutu, inampika sehemu moja huku nyingine bado barafu, anaweza kupasuka tumbo, na nyama iliyopikwa sio chakula cha nyoka.

Sasa kabla ya kumpasha, mbonyeze. Umemuona mama yako anavyobonyeza migebuka ikishuka na treni ya Kigoma, ile anaingiza kidole gumba chini ya mbavu anasikilizia kama ndani kuna kigumu? Ndo hivo hivo. Vaa glavu, shika tumbo la panya kati ya kidole gumba na cha shahada, minya taratibu kuanzia kifuani kushuka. Ukikuta kama kuna kokoto hapo katikati, mrudishe kwenye maji, hata kama chatu kashatoa kichwa anakuangalia. Ukiona kote kunaingia kama unga uliokandwa, yupo tayari, hapo ndo unampasha: maji ya vuguvugu ya kama digrii 40, mkono wako unayavumilia bila shida, dakika kumi au kumi na tano, kichwa kiwe na joto kuliko sehemu zote. Huyo wa mwenzako kwa picha uliyotuma ni chatu mfupi wa Afrika Magharibi, wale wa Ghana na Togo wanaojikunja kama mpira wakiogopa, na chatu ana vishimo mdomoni vya kuhisi joto, gizani anaona joto la panya kama sisi tunavyoona taa. Panya wa baridi kwake ni kitu kisichoeleweka. Mkaushe kwa tishu, mshike na koleo refu, taa zizimwe, usogeze polepole mbele yake. Usishike kwa vidole, mkono wako una joto na una harufu ya panya na yeye hatachagua.

Unene wa panya usizidi unene wa chatu pale aliponenepa zaidi. Chatu asipokula mwachie panya usiku huo tu, asubuhi huyo panya mtupe, usimrudishe friza kabisa.

Ila sio kesho. Mwanangu hapa naomba unisikilize kuliko pote. Mwaka ule wa pili kule bustani tulikuwa na chatu jike mkubwa, Juni, baridi kali, umeme ukakatika usiku taa yake ya joto ikazima na mimi sikujua, nilikuwa nimemlisha jioni. Siku ya tatu akatapika. Nikamuonea huruma, nikaona ana njaa, siku mbili baadae nikampa mwingine. Akatapika tena, safari hii na ute wenye damu. Kutapika kunamkwangua koo na kunapunguza asidi ya tumbo, anahitaji muda aitengeneze upya, mimi sikumpa muda. Nilimkuta asubuhi moja kanyooka pembeni ya bakuli la maji, mdomo wazi kidogo, na chatu aliye hai hanyooki vile. Nilimbeba mwenyewe kwenda kumzika, uzito wake nausikia mabegani mpaka leo.

Kwaiyo wewe ngoja siku 14. Maji safi tu. Hatakufa, chatu mzima wa aina hiyo anakaa miezi bila kula na wengine wanasusa wenyewe tu wakiwa wazima. Siku ya 15 mpe panya mdogo, nusu ya yule wa kwanza. Akitapika tena usijaribu mara ya tatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka, huko kwenu wapo. Na leo leo angalia vipima joto vya sanduku: upande wa moto digrii 30 mpaka 32, upande wa baridi 24 mpaka 26. Ukiona macho yake yameingia ukungu wa buluu anataka kujivua gamba, usimpe kitu mpaka amalize.

Harufu sasa. Mtoe muweke kwenye boksi lenye matundu, toa maranda yote, yote, sio kuchota pale palipolowa, maana yale majimaji yameshuka chini. Osha sanduku kwa sabuni na maji ya moto kwanza, alafu jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, acha dakika kumi, suuza mpaka pua yako isisikie kitu, likauke kabisa ndo umrudishe. Zile dawa za sakafu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikigusa maji usitumie, zinawadhuru. Siku za kawaida maji badilisha kila siku, kinyesi na ule unga mweupe ndo mkojo wake, toa siku hiyo hiyo. Kwenye bakuli la maji ukiona vidoti vyeusi vimezama kama ufuta, ni utitiri, niambie.

Na yule mtoto wa chini. Nyoka mzima kabisa anaweza kubeba salmonela bila kuumwa, na panya wa friza nao wanabeba, baridi haiui. Mwaka 2010 huko Marekani panya wa friza walirudishwa kutoka sokoni kwa sababu hiyo hiyo, watu waliugua Marekani na Uingereza pia, na wengi walikuwa watoto. Kwaiyo bakuli la nyoka lisioshwe kwenye sinki la jikoni, tumia ndoo yake na maji ukamwage chooni. Koleo, kopo, glavu, viandikwe VYA NYOKA kwa maka peni, visiguse sufuria. Mikono sabuni na maji yanayotiririka, mpaka kwenye kucha, kila ukimgusa yeye au panya au sanduku, kabla hujashika hata simu. Mtoto asiingie hicho chumba, na dada umwambie ukweli kuwa kuna nyoka humo, usimfiche, ana haki ya kujua. Mtoto akiharisha na homa asisubiri, aende hospitali na aseme kuwa ndani ya nyumba kuna nyoka.

Mwenzako nae mwambie leo kilichotokea. Utaona aibu lakini nyoka ni wake.

Najua unampenda, nimesikia unavyomuongelesha kwenye video, ila usije ukafikiria kumnunua urudi nae huku, mnyamapori bila kibali ni kesi.

Ijumaa aliyotapika ilikuwa tarehe 6, kwaiyo siku ya kumlisha ni tarehe 21, Jumamosi. Toa panya friza Ijumaa usiku. Jumamosi jioni kabla hujampasha nipigie video, niwekee simu karibu nikuone unavyombonyeza.

Baba yako