Dakika 50 kabla kituo hakijafunguliwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: kikao kikiitishwa saa 1:00 asubuhi, mtoto anabaki na nani? Wengi hukimbilia kujibu "tafuta dada wa kazi". Mimi nasema piga hesabu kwanza, kwa sababu muda unaokosekana mara nyingi haufiki hata saa moja.

Chukua mkazi wa Nkuhungu, hapa Dodoma, anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Huyu anavuka jiji zima, na akipanda daladala anabadilisha gari mjini. Hesabu ianzie kwenye kiti cha kikao na kurudi nyuma. Awe ameketi saa 12:50. Toa dakika 10 za getini, 50 za njiani, 15 za kusubiri magari: imebaki saa 11:35. Toa 10 nyingine za kumkabidhi mtoto, maana mtoto wa miaka miwili hakabidhiwi kama kifurushi cha basi. Nyumbani anatoka saa 11:25. Kituo cha kulelea watoto kikianza kupokea saa 12:15, mwanya ni dakika 50. Siku ya kawaida ya kuripoti saa 1:30, mwanya huo unabaki dakika 10 tu. Weka namba zako mwenyewe: anayekaa Nzuguni au Ihumwa, ambako barabara ya Mtumba inapita, anaweza kukuta anapungukiwa robo saa tu, na hiyo inamalizwa kwa kuzungumza na mlezi wa zamu kituoni.

Kuajiri mtu wa kulala nyumbani kwa ajili ya dakika 50 mara moja au mbili kwa wiki ni gharama isiyo na sababu. Tazameni kwanza ndani ya nyumba. Si ajabu kukuta mama anahangaika na majirani wakati baba anafungua duka saa 2:00 na bado amelala.

Asipokuwepo mtu wa ndani, mwenye kufaa ni mama jirani anayeamka mapema kwa shughuli zake, awe mpika vitumbua au mwenye genge. Awe nyumba ya tatu au ya nne, si mtaa wa pili. Julai jua la Dodoma linachomoza karibu na saa 12:45, kwa hiyo saa 11:25 ni giza na upepo wa baridi unapiga. Mtoto abebwe akiwa bado na usingizi, ndani ya blanketi, kwa miguu. Kumpakia kwenye boda saa hiyo, amebanwa kati ya dereva na mzazi, sikushauri hata kama ni mwendo wa dakika tatu.

Jirani huyo mlipe kwa wiki, hata wiki ambayo kikao ni kimoja. Ukilipa kwa siku, siku unayomhitaji ndiyo utakayoambiwa ameenda mnadani. Kazi yake iwe fupi na ijulikane: kumpokea, kumnawisha uso, kumpa uji, kumfikisha kituoni. Mtoto aoge usiku na alale na nguo atakazoshinda nazo. Viatu na sweta vikae kwenye begi lake mlangoni. Aambiwe usiku uleule kwamba ataamkia kwa mama fulani, na aende na kanga au shuka alilolizoea. Mtoto anayelia asubuhi kwa jirani kwa kawaida halilii ugeni wa mtu. Analia kwa sababu alilala kwao, akaamkia kwingine.

Uji nao una mambo yake. Suuza chupa ya chai kwa maji ya moto, mimina uji ukiwa unachemka, na usitie maziwa. Uji wa maziwa uliopikwa saa kumi na moja unaweza kuwa umeshaharibika saa nne, na mlezi atamnywesha mtoto bila kujua. Maziwa yaende peke yake, yatiwe wakati wa kunywa.

Kinachokwamisha mpango huu zaidi ni siku jirani anapomtuma binti yake wa darasa la tano ampeleke mtoto, au anapopata msiba. Andikeni majina mawili kituoni, la jirani na la mtu wa akiba, pamoja na namba za simu, na mwambieni mlezi asimpokee wala kumtoa mtoto kwa mwingine yeyote. Kituo kinachokubali kila anayebisha hodi kihameni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, kwa hiyo kuomba kuona cheti si ukorofi, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kumuuliza mkiwa na shaka.

Mwenye mtoto anayenyonya ana mzigo mkubwa zaidi. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, kwa hiyo unaweza kurudi kazini mtoto hata miezi mitatu hajatimiza. Kamua maziwa jioni, uyaweke kwenye friji. Humo yanakaa hadi siku nne. Nje ya friji hesabu saa nne kama chumba hakizidi nyuzi joto 25. Oktoba na Novemba, nyumba ya bati ikishapata jua, usifike huko. Gawa mafungu ya mililita 60 hadi 90, kwa kuwa kinachobaki baada ya mtoto kunywa hakirudishwi, kinamwagwa. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, yasichemshwe, na anyweshwe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, ambacho ni rahisi kusafisha kuliko chupa ya chuchu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Elewana na afisa utumishi kwa maandishi ni saa zipi, ili aliyefika saa 12:50 asiangaliwe vibaya akiondoka mapema.

Upande wa kikao, wengi wanaogopa ajenda ya taarifa zao, kumbe hatari iko kwenye yatokanayo, yaani kuulizwa yale yaliyoagizwa kikao kilichopita yamefikia wapi. Kikao kinafunguliwa, ajenda zinaridhiwa, kumbukumbu za kikao kilichopita zinathibitishwa, halafu yatokanayo: ndani ya dakika 10 au 15 jina la kitengo chako limetajwa na kiti chako kitupu. Taarifa ya idara inakuja baadaye sana. Kwa hiyo majibu ya yatokanayo yaandikwe na kukabidhiwa kwa katibu jana yake, na mwenyekiti apate ujumbe mfupi: "Mkurugenzi, shikamoo. Kikao cha kesho saa 1:00 nitafika. Majibu yetu ya yatokanayo anayo Katibu, ili nikichelewa kidogo kikao kisisimame." Usieleze habari za mtoto, jirani na daladala. Kama vikao hivi ni vya kila wiki, hapo omba visogezwe hadi saa 2:00. Hilo litasaidia na wengine mezani ambao wamekaa kimya.

Kikao cha mtandaoni kinafuta safari, lakini hakimlishi mtoto. Bado mtu mwingine awe naye chumba cha pili, na simu iwe na bando na chaji, kwa kuwa umeme ukikatika intaneti ya nyumbani nayo inazima.

Mtoto akiamka na homa, mpango wote huu hautumiki. Jirani asibebeshwe mtoto mgonjwa, kituo nacho kitamrudisha, na anatakiwa kupelekwa zahanati apimwe malaria. Mpigie mwenyekiti saa 12:00, usimtumie ujumbe, umtajie anayekaimu. Atakuwa macho, kikao ni chake.

Msomaji, Dodoma