Fielder ya laki tisa: nilipe ama nitoroke?

SWALI: Habari ya kazi fundi. Nimepata gari ya Toyota Fielder ya 2014 kwa broka mmoja pale Ngong Road, safi kabisa, viti vinang'aa, na anataka laki tisa wakati wengine wote nimeuliza wanaanzia milioni moja na laki mbili. Anasema mwenyewe anahama nchi ndiyo maana ana haraka. Mume wangu anataka tutume dipoziti leo kabla mtu mwingine hajaichukua, lakini ndugu yangu anakaa Kitengela na ananiambia kuna magari yaliingia maji kwa yale mafuriko ya 2024 na yakauzwa hivi hivi. Nimeangalia rekodi ya NTSA, wale wa usajili wa magari, na iko sawa. Nitajuaje kama hii imeoga?
– Mama Watatu, Donholm

JIBU: Mama Watatu, kwanza mwambie baba watoto aweke simu chini. Dipoziti ikishaingia kwa M-Pesa ya broka kuitoa huko ni kesi nyingine kabisa, na Fielder Nairobi hii hazijaisha.

Hiyo rekodi ya NTSA umefanya vizuri kuiangalia lakini inakuambia mwenye gari ni nani, namba za chasi na injini, na kama kuna benki ama sacco imeshikilia logbuku. Mambo ya maji haiyajui. Hata ule ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango vya ubora, hufanywa huko Japani kabla gari ipande meli, kwa hivyo gari iliyozama Githurai ama South C miaka kadhaa baada ya kushuka Mombasa hakuna karatasi itaisema. Na si lazima muuzaji awe mkora wa kuzaliwa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipata watu wengi wako na bima ya thadi pati peke yake, na hiyo hailipi gari yako mwenyewe, so mtu anakausha anatoa kwa hasara, anayenunua anabadilisha kapeti anaongeza laki mbili, na kufika kwako wewe ni mnunuzi wa tatu na hadithi ya maji ilibaki njiani. Zingine bima ililipa, ikauza selveji, yaani gari lenyewe lililoharibika, kwa mnada.

Sasa enda uione asubuhi, bila kupiga simu mapema, kabla hawajaipuliza manukato. Wakifungua mlango ingiza kichwa kwanza. Ukikuta freshena tatu zinaning'inia kwa gari moja jua kuna kitu zinafunika. Funga madirisha, washa feni mpaka mwisho, baridi halafu joto, ungoje kidogo. Kapeti iliyolowa chini ina godoro la sponji na hiyo sponji hukaa na maji wiki nyingi, ikipata joto inanuka kama nguo iliyosahaulika kwa beseni.

Halafu fanya hii ambayo mimi naiamini kuliko zote. Vuta mkanda wa kiti cha abiria polepole mpaka uishe kabisa, usiishie pale watu huvutia. Wanaoosha gari husugua ile sehemu inaonekana, ile imejikunja ndani ya nguzo haiguswi. Ukiona umebadilika rangi kuanzia mahali fulani, kuna mstari wa doa ama vidole vyako vinatoka na vumbi la matope, hiyo gari imeoga. Rudia kwa mikanda ya nyuma. Nimewahi kuona Mazda Demio imebadilishwa viti vyote na kapeti, harufu ya duka, na mkanda wa nyuma bado una mchanga.

Baada ya hapo piga magoti umulike na simu chini ya viti. Angalia reli, springi na zile bolti zinashika kiti. Kutu ya chini ya gari isikutishe sana, gari imekaa Mombasa ama imezoea barabara ya marram huwa nayo, lakini kutu ndani, chini ya kiti cha dereva, ilifikaje huko? Toa pia tairi la spea uangalie lile shimo lake kwa buti. Na kapeti mpya kwa gari ya 2014 lazima uulize ya zamani ilienda wapi.

Upande wa stima usiwashe injini mara moja. Zungusha ufunguo taa za dashbodi ziwake, ya eabegi na ya breki za ABS zinafaa kuwaka halafu zizime zenyewe. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko iliyokataa kuzima, maana mara nyingi kuna mtu ameiua makusudi. Maji huingia kwa soketi za waya na shaba inaoza polepole inageuka kijani, ndiyo maana gari itakuendesha vizuri miezi miwili mitatu halafu dirisha moja linakataa, kesho sensa, keshokutwa haiwaki, na ukipigia broka ni mteja hapatikani. Kama ni ile Fielder ya haibridi kuwa mkali zaidi, betri yake kubwa iko maeneo ya kiti cha nyuma na ile stima si ya kuchezewa na fundi wa barabarani.

Oili safi haimaanishi kitu, kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Peleka fundi wako, si yule broka anakuitia, ama upeleke AA, chama cha wenye magari, wakague, na umlipe fundi ununue usinunue, ndiyo asiwe na haja ya kukuambia iko poa. Broka akikataa ikaguliwe basi ameshajibu swali lako. Akikubali, mwambie muandikiane kwa makubaliano ya mauzo kwamba gari haijawahi kuingia maji, aweke sahihi.

Maji yakiwa yaliishia sakafuni na ikakaushwa haraka, na bei inaonyesha hivyo, mtu anaweza kuishi nayo. Yakiwa yalifika kwa kiti, mimi singeichukua hata kwa laki nne.

SWALI: Nissan Note yangu ililala kwa maji mpaka nusu ya mlango juzi usiku. Sasa yameshuka, niiwashe?
– Kijana wa Rongai

JIBU: Usiiwashe. Kama kuna maji yameingia kwa silinda hayabanwi kama hewa, pistoni inayagonga, konrodi (ule mkono wa chuma unaoshika pistoni) inapinda, na hapo umeongeza injini kwa hesabu. Piga picha za bima kwanza, toa teminali ya betri, iburutwe mpaka gereji, wamwage oili ya injini na ya giaboksi na wang'oe viti na kapeti leo leo. Na siku utaiuza, mwambie mnunuzi.